Sauti Inatoka Wapi? Kumfundisha Selma katika Kipindi cha Fasihi

Mwalimu wa fasihi anapomleta darasani mhusika aliyeteseka, hatari si kwamba wanafunzi watashindwa kumhurumia. Hatari ni kwamba watamhurumia upesi mno, na wakishamhurumia wataona kazi imekwisha. Tumeyaona haya katika riwaya na katika tamthiliya, na tuliyaona waziwazi zaidi tulipojaribu kufundisha filamu. Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza walimu wenzetu jinsi tulivyomfundisha Selma, mhusika mkuu wa filamu iitwayo Dancer in the Dark, kwa wanachuo wa mwaka wa pili; mahali tulipokosea, na swali moja lililotutoa katika kosa lile.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2000. Mwongozaji wake ni Lars von Trier wa Denmark. Selma ameigizwa na Björk, mwimbaji wa Iceland, ambaye pia ndiye aliyetunga muziki wake. Katika tamasha la Cannes la mwaka huo huo filamu ilipewa Palme d'Or, ndiyo tuzo kuu, na Björk akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Urefu wake ni dakika 140, kwa hiyo mwalimu asijidanganye kwamba ataimaliza katika vipindi viwili vilivyounganishwa. Sisi tuliigawa katika siku tatu.

Yafaa tueleze kisa kwa ufupi. Selma ni mhamiaji kutoka Chekoslovakia. Mwaka 1964 yuko katika jimbo la Washington, Marekani, na mwanawe Gene, akifanya kazi katika kiwanda ambamo mashine hubana mabamba ya chuma yakawa masinki ya jikoni. Ugonjwa wa kurithi unampofusha polepole, na Gene naye anao. Mtoto aweza kuokolewa kwa upasuaji, nao upasuaji wataka fedha; basi Selma huweka akiba katika kopo, na usiku huchukua kazi ya ziada ya kupachika vibanio vya nywele kwenye kadi. Ili asifukuzwe kazini amekariri herufi za ubao wa kupimia macho. Anaporudi nyumbani hufuata reli ya gari moshi, akiipapasa kwa mguu. Amepanga mahali kwa askari polisi aitwaye Bill, ambaye amezama katika madeni na anaona haya kumwambia mkewe. Bill anaziiba fedha zile. Selma anapozifuata, bastola ya Bill inatokea, wanashikana, Bill anajeruhiwa, kisha anamsihi amwue, naye Selma anamwua. Anazipeleka fedha kwa daktari kabla hajakamatwa. Mahakamani hasemi siri ya Bill kwa kuwa alikwisha kuahidi kutoisema. Anahukumiwa kunyongwa, na ananyongwa.

Msomaji aliyefika hapa ameona kwa nini tulikosea. Mara ya kwanza tulionyesha filamu yote, tukawasha taa, tukauliza kama kawaida yetu: "Je, Selma ni mhusika wa namna gani?" Nusu ya darasa walikuwa wanalia. Majibu yakaja: ni maskini, ni mnyonge, ni mama mwema, ameonewa. Tuliandika maneno yale ubaoni, nasi kwa kweli tukaridhika, maana darasa linalolia huonekana limeguswa. Siku ya pili tuliposoma madaftari yao tuligundua kwamba wanachuo thelathini na wawili walikuwa wameandika insha moja. Hakuna aliyetaja wimbo hata mmoja. Filamu iliyojaa muziki tangu mwanzo, tena muziki unaoanza kabla mtu yeyote hajaonekana, ilikuwa imefika kwao kama orodha ya misiba.

Kosa halikuwa lao, bali la swali letu. Ukiuliza mhusika ni wa namna gani, utapewa kivumishi, na kivumishi hakihitaji ushahidi. Mwaka uliofuata tulianza na swali jingine: sauti inatoka wapi?

Swali hilo lina sababu yake ndani ya filamu. Selma anazipenda mno filamu za nyimbo na ngoma, na maisha yake yanapomlemea hujiona yumo ndani ya mojawapo. Lakini nyimbo zake hazishuki kutoka mbinguni. Kila mmoja unaanzia katika kelele ambayo yeye hakuichagua. Kiwandani ni mashine: kishindo, mluzi, mgongano wa chuma, na kidogo kidogo ukelele ule unapata mapigo, na mapigo yanapata wimbo. Juu ya daraja ni magurudumu ya gari moshi. Baada ya kifo cha Bill ni sindano ya santuri inayozunguka pasipo wimbo. Mahakamani ni penseli ya mchoraji ikikwaruza karatasi. Wakati huo picha nayo hubadilika. Katika maisha ya kila siku kamera imeshikwa mkononi, inayumba, na rangi zimefifia. Wimbo unapoingia kamera zinatulia, rangi zinakolea. Von Trier alitumia kamera mia moja za kidijiti kwa pamoja katika kupiga picha za nyimbo hizo, jambo ambalo wanachuo wetu walilipenda kuliko lilivyostahili.

Tulianza kipindi bila filamu. Tuliwaomba wanachuo wafumbe macho kwa dakika tatu na kuandika baadaye kila walichosikia. Walisikia fagio la uani, mwiko ukigonga sufuria jikoni, bomba linalovuja, mtu akikohoa darasa la pili. Kisha tukauliza: katika hizi, ipi ina mapigo? Bomba, wakasema. Fagio. Ipi yaweza kuimbiwa? Hapo walicheka, lakini mmoja akaanza kupiga dawati kwa kufuata fagio, na hatukuhitaji kueleza zaidi. Mwanafunzi aliyekulia mahali ambapo mchi na kinu vina wimbo wao, ambapo wanawake wawili hutwanga kwa kupokezana na wimbo hufuata pigo la mti juu ya mti, hana ugumu wa kuelewa anachokifanya Selma kiwandani. Tofauti ni kwamba wimbo wa kutwanga ni wa wote walioko uani, huku wimbo wa Selma ukiwa ni wa kichwani mwake peke yake. Wenzake kazini hawausikii. Tofauti hiyo waigundue wenyewe. Sisi tulingoja dakika kumi nzima, nayo ikatoka.

Halafu tulifunika kitambaa mbele ya mashine ya kuonyeshea, tukacheza sehemu ya kiwandani kwa sauti tu, mara mbili. Mara ya tatu tuliondoa kitambaa. Utaratibu huu twaupendekeza kwa moyo wote, si kwa sababu ya filamu hii tu. Mwalimu asiye na vifaa aweza kuutumia kwa tamthiliya ya redio au hata kwa kusoma kwa sauti nyuma ya pazia. Lugha ya filamu ni Kiingereza, hivyo tulitoa muhtasari wa Kiswahili kabla ya kila sehemu, na maneno ya nyimbo tuliyaeleza kwa jumla tu, bila kuyafasiri neno kwa neno.

Sasa twende kwenye kiini cha somo, nacho ni ukimya.

Wanachuo walipokwisha kujua kuuliza sauti inatoka wapi, walianza wenyewe kuuliza ni wapi haipo. Mmoja wao aliona jambo ambalo sisi, tuliokuwa tumeitazama filamu mara nne, hatukuliona. Ni usiku mmoja Bill anapokuwa nyumbani kwa Selma. Bill anaaga, anafungua mlango, anaufunga, lakini hakutoka. Amebaki ndani, amesimama kimya kabisa, anamtazama Selma, ambaye sasa haoni, akitoa fedha na kuzirudisha mahali zinapofichwa. "Mwalimu," alisema mwanachuo yule, "huyu mama ameibiwa kwa ukimya. Angalikohoa tu asingeliweza kumwibia." Tulimwomba aseme tena, ili wote waandike.

Kutoka hapo filamu nzima ilijipanga upya mbele ya darasa. Mtu aliyejenga maisha yake juu ya sauti anashambuliwa mahali ambapo sauti imeondolewa. Gerezani hali ni hiyo hiyo kwa ukubwa zaidi. Selma anamweleza mlinzi wake, mwanamke mwenye huruma, kwamba pale pametulia mno. Hakuna mashine, hakuna gari moshi, hakuna hata hatua za watu. Kuna tundu la hewa ukutani tu, ambalo nyakati fulani huleta kwa mbali nyimbo za ibada. Selma anapanda, anasogeza sikio, na kwa uzi huo mwembamba wa sauti anaanza kuimba wimbo mmoja wa The Sound of Music, mchezo aliokuwa akiufanyia mazoezi kabla ya kukamatwa. Siku ya kunyongwa miguu yake inakataa. Mlinzi yule, akijua nini kitamsaidia, anaanza kukanyaga sakafu kwa nguvu ili ampatie mapigo. Kutoka selo hadi kitanzini ni hatua 107, nazo zinahesabiwa kwa wimbo.

Hapa ndipo tulipowauliza: nguvu za Selma ziko wapi? Hatukupata tena kivumishi. Tulipata hoja. Wengine walisema ziko katika uwezo wa kugeuza kelele ya wengine iwe yake. Wengine walisema hapana, huko ni kukimbia. Wakatukumbusha kwamba ni ndoto hizo hizo za wimbo zilizomfanya aweke mabamba mawili pamoja, akaharibu mashine, akapoteza kazi. Hoja hii ya pili ni nzuri sana na mwalimu asiizime. Filamu yenyewe haimfichi Selma udhaifu huo. Muziki unamshika mkono na unamtegea mguu.

Mjadala mkali zaidi ulikuwa juu ya uamuzi wake wa mwisho. Marafiki zake, Kathy na Jeff, wanatambua kwamba fedha zilizolipwa kwa daktari zaweza kumlipa wakili mpya ili kesi ifunguliwe tena. Selma anakataa. Kathy anashikilia kwamba mtoto anamhitaji mama yake awe hai; Selma anashikilia kwamba mtoto anayahitaji macho yake. Darasa liligawanyika, na vijana wengi walimwona Selma mpumbavu. Ndipo aliposimama mwanachuo mmoja, mama mtu mzima aliyekuja kusoma baada ya kufundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, ambaye wenzake humwita Mama na ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi.

"Ninyi mnasema amechagua kufa," alisema. "Mimi naona amekataa kuchaguliwa. Tangu mwanzo kila mtu alimwamulia. Hapa peke yake ndipo alipoamua yeye."

Kijana mmoja akamjibu kwa heshima, "Lakini Mama, mtoto je? Hakuulizwa."

"Hakuulizwa," alikubali. "Hilo nalo ni lake. Sijasema hana kosa."

Hatukuongeza kitu. Katika miaka yetu ya kufundisha uchambuzi wa wahusika, mara chache tumesikia mwanafunzi akitenganisha hivyo heshima na kukubali kila jambo. Mhusika aweza kuwa na nguvu na bado akawa amekosea, na msomaji aweza kumheshimu bila kumfanya mtakatifu. Yule mama alilisema hilo kwa sentensi mbili; sisi tungalihitaji kipindi.

Tulichukua nafasi ile kuwarudisha kidogo kwa Rosa Mistika wa Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971 ambayo walikwisha kuisoma. Rosa naye aliangamia katika dunia iliyomfungia milango, na baba yake Zakaria akiwa miongoni mwa waliomfungia. Tuliuliza swali moja tu: Rosa alikuwa na nini ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya? Walifikiri kwa muda mrefu, na jibu la wengi lilikuwa la huzuni. Hatukukusudia kupima riwaya kwa filamu, maana ni fani mbili tofauti. Tulitaka waone kwamba mtunzi huchagua kumpa mhusika wake kitu cha kushika, au kumnyima.

Hilo latuleta kwa mtunzi. Wako watazamaji, na sisi tumo miongoni mwao kwa kiasi fulani, wanaoona kwamba von Trier amemwonea Selma. Kila mlango unapofunguka yeye anaufunga: Jeff anampenda, lakini Selma hana nafasi ya mwanamume, wakili anapatikana, lakini kwa fedha zile zile, shahidi anayeweza kusaidia anamharibia. Mwendesha mashtaka naye anamsema kuwa ni mkomunisti asiye na shukrani. Mwanafunzi wa fasihi lazima afundishwe kuuona mkono huo unaofunga milango, asije akadhani kwamba machozi yake ni ushahidi wa ukweli wa hadithi. Pia asiichukue filamu kama kumbukumbu ya historia. Jimbo la Washington lilinyonga mtu Juni 1963, halikunyonga mwingine hadi 1993, na mwaka 2023 likaifuta adhabu ya kifo katika sheria zake. Picha zenyewe zilipigwa Sweden. Tulipowaambia wanachuo hili la Sweden baadhi walihisi wamedanganywa, na huo ulikuwa mwanzo mzuri wa kuzungumzia maana ya mandhari ya kubuni.

Lakini hata tukishaukubali ukali wa mtunzi, kuna sehemu ndogo ambayo hatuwezi kuiita ukali. Selma na Kathy wako katika ukumbi wa sinema. Selma haoni tena wachezaji walioko mbele. Kathy anauchukua mkono wake, na kwa vidole viwili anacheza hatua za wachezaji wale kwenye kiganja chake. Tukio hili ni la muda mfupi, na lapita kimya. Tulilirudia mara tatu, kisha tukawaambia wanachuo wachore vidole vyao juu ya daftari jinsi ambavyo wangemweleza kipofu ngoma ya kwao. Kazi hii ilichukua nusu saa tuliyokuwa tumeipangia jambo jingine, nasi hatukujuta. Walimu wanaojiandaa kufundisha watoto wenye ulemavu wa macho watapata hapa mengi kuliko tuliyoyapata sisi.

Limebaki suala la tukio la mwisho, na hapa twaomba walimu wawe waangalifu. Filamu hii si ya wanafunzi wa shule ya msingi, wala hatuwezi kuipendekeza kwa kidato cha kwanza au cha pili. Kunyongwa kwa Selma kunaonyeshwa pasipo kuficha: hofu yake, kuanguka kwake, kufungwa kwenye ubao ili asimame, kifuniko cha kichwa kinachomnyima pumzi. Kathy anapenya hadi kwake na kumtia mkononi miwani ya Gene, ishara kwamba upasuaji umefanikiwa na mtoto haihitaji tena. Ndipo Selma anapoimba. Safari hii hakuna mashine, hakuna magurudumu, hakuna nyayo. Sauti haitoki popote ila kwake mwenyewe, na mtu aliyelifuata swali letu tangu mwanzo ataona jibu lilikofika. Wimbo unakatizwa katikati.

Mahali pa kusimamisha filamu palitusumbua. Selma mwenyewe ameeleza mapema kwamba zamani alikuwa akitoka ukumbini mara tu baada ya wimbo wa kabla ya mwisho, ili filamu isimalizike kwake kamwe. Mwaka mmoja tulijaribu kufanya kama yeye: tukazima baada ya zile hatua 107. Wanachuo walikasirika, wakasema tumewafanya watoto. Mwaka uliofuata tuliwaeleza kinachokuja na tukawaachia wachague. Sita walitoka kabla ya kitanzi, nasi tuliwaambia hakuna atakayewauliza sababu. Walikaa barazani, nyuma ya madirisha yaliyofungwa mapazia.

Hatukuwa tumefikiri kwamba sauti ingewafikia. Kipindi cha mwisho tulikianza kwa kuwauliza wao kwanza, kwa kuwa wao peke yao ndio waliokuwa wamelitazama tukio lile kama ambavyo Selma angelitazama. Walisema walimsikia akiimba bila ala, kwa sauti iliyotetemeka kisha ikatulia. Tuliwauliza walijuaje kwamba amekufa: ni kishindo cha ubao? Mmoja wao alisema kishindo hakukizingatia. Alijua, alisema, kwa sababu alikuwa akilingojea neno linalofuata.

Tuliwapa wote karatasi, tukawaomba waanzie hapo kuandika.